Maksai Aliyekataliwa Machinjioni: Ukaguzi wa Nyama Ulivyokutana na Msamaha wa VAT Mkoani Mwanza

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wafugaji wa Wilaya ya Misungwi waliochoka kuuza ng'ombe mnadani kwa bei ya kukadiriwa kwa macho, wakaamua kuwachinjisha wenyewe katika machinjio ya umma yaliyo jirani na jiji la Mwanza na kuuza nyama moja kwa moja kwa wenye mabucha na kwa mzabuni wa chakula cha shule. Sitawataja wahusika, wala machinjio, wala halmashauri inayoyamiliki, kwa sababu hakuna ofisa aliyevunja sheria. Hilo ndilo linalokifanya kisa kistahili kuchambuliwa: kila mmoja alifanya alichotakiwa kufanya, ng'ombe mzima akatupwa, na baadhi ya wafugaji waliokuwa wamejitokeza kufuata utaratibu wakarudi walikotoka.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa maksai wa umri mkubwa, aliyevuta plau kwa misimu mingi kabla ya mwenye naye kuona kwamba nguvu zimepungua. Usukumani hiyo ndiyo safari ya kawaida ya maksai: akishindwa jembe, hunenepeshwa kidogo wakati wa majani mengi, kisha huuzwa. Kibali cha kusafirisha mifugo kilikuwepo, ushuru ulilipwa kwa namba ya udhibiti, ada ya machinjio ililipwa, na ukaguzi wa kabla ya kuchinjwa haukuonyesha kasoro yoyote, kwani alitembea bila kuchechemea, alicheua, na hakuwa na homa wala uvimbe wa tezi. Alichinjwa usiku wa manane, kama ilivyo desturi ya machinjio yetu mengi, kwa kuwa mwenye bucha anataka nyama iwe imeshaning'inizwa dukani kabla ya saa 12 asubuhi.

Tatizo lilionekana kichwani. Mkaguzi alipopasua misuli ya taya, kama anavyopaswa kufanya kwa kila ng'ombe, aliona vilengelenge vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya choroko vimelala katikati ya nyuzi za nyama. Akapasua moyo, akakuta kimoja. Akapapasa ulimi, akakata msuli wa bega, akakuta vingine vichache, bado vina maji ndani, yaani viini hai vya tegu, mnyoo wa utumboni.

“Mzee wangu, huyu ana tegu,” akamwambia mwenye ng'ombe. “Kungekuwa na mahali pa kumgandisha ningemzuia tu kwa muda. Hapa sina pa kumweka.”

“Sasa, daktari, si nimelipia kila kitu? Zile hela zinanirudia?”

Hazikurudi. Nyama yote ilimwagiwa dawa ya rangi ili isiweze kuuzwa kwa mlango wa nyuma, ikafukiwa shimoni. Kilichobaki mkononi mwa mzee ni ngozi, na ngozi ghafi siku hizi ina bei ndogo kiasi kwamba mara nyingi mwenye ng'ombe humwachia mchunaji kama ujira.

Ili kuelewa uamuzi ule ni lazima kwanza kuelewa ugonjwa wenyewe. Tegu wa ng'ombe hukomaa ndani ya utumbo wa binadamu tu. Mtu mwenye tegu hutoa mayai pamoja na choo chake kikubwa, na pale ambapo vyoo ni vichache au vinatumika kwa nadra, mayai hayo huishia kwenye majani, kwenye kingo za malambo na pembezoni mwa mashamba ambako ng'ombe hulishwa baada ya mavuno. Ng'ombe akiyameza, viini huingia katika damu na kwenda kutulia kwenye misuli inayofanya kazi nyingi, kama vile taya, ulimi, moyo na bega. Ndiyo maana kisu cha mkaguzi huanzia huko. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri, tegu mpya huanza kukua ndani yake. Katika muda wote huo ng'ombe hana dalili inayoonekana kwa macho. Mzee wa Misungwi hakuwa na namna ya kujua kwamba maksai wake ana viini, na inawezekana kabisa kwamba mayai yalitoka kwa mtu wa kaya yake mwenyewe au kwa mchungaji wake.

Utaalamu wa ukaguzi wa nyama hutofautisha hali mbili. Viini vikiwa vimetapakaa mwili mzima, nyama yote hutupwa bila mjadala. Vikiwa vichache, sehemu zilizoathirika huondolewa na nyama inayobaki huzuiliwa na kugandishwa, kwa kawaida katika baridi isiyopungua nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10, muda unaotosha kuua viini. Baada ya hapo nyama huruhusiwa kuliwa. Njia hiyo ya kati ina maana kubwa katika mfumo mzima. Ndiyo inayomlinda mlaji bila kumfilisi mfugaji, na ndiyo inayompa mkaguzi ujasiri wa kusema anachokiona, kwa sababu kusema kwake hakumaanishi moja kwa moja kwamba mtu mwingine amepoteza kila kitu.

Machinjio tunayoyazungumzia yana ndoano, reli ya kuning'iniza, sakafu ya saruji na bomba la maji. Hayana friza. Kwa hiyo mkaguzi, mbele ya ng'ombe mwenye viini vichache, alibakiwa na hatua mbili tu, kupitisha au kutupa. Angepitisha, nyama ingekwenda jikoni kwa wanafunzi. Akatupa, na naamini alifanya sawasawa. Hata hivyo ni lazima tuseme waziwazi kwamba uzito wa hasara ile haukutokana na ugonjwa peke yake, bali ulitokana na kukosekana kwa chumba kimoja chenye baridi.

Kilichofuata kinaeleweka. Wanakikundi wawili walirudi kwa dalali mnadani, kwa hoja kwamba dalali akishalipa, ng'ombe akikutwa na tegu ni juu yake. Wengine walianza kusikiliza ushauri wa zamani wa kuchinjia kijijini, kwenye makaro yasiyosajiliwa au nyuma ya nyumba, ambako hakuna mtu wa kupasua taya. Aliyekwenda machinjioni alilipa ada, akakaguliwa, akapoteza. Anayechinjia kichakani halipi, hakaguliwi, na nyama yake inaliwa yote. Kwa mfugaji anayehesabu, mfumo uliopo unamtoza yule anayejitokeza. Si haki kumwita mfugaji huyo mkaidi.

Hapa ndipo kikundi kilipofanya jambo ambalo binafsi naliheshimu sana. Badala ya kulalamika, waliobaki waliitisha kikao, wakakubaliana kuchanga na kuomba ridhaa ya halmashauri wajenge chumba cha kugandishia ndani ya eneo la machinjio, kwa makubaliano kwamba ng'ombe yeyote atakayezuiliwa, awe wa kikundi au wa mtu mwingine, atahifadhiwa humo kwa malipo. Mtu mmoja kikaoni alisema jambo ambalo wengi wetu huliamini: kwamba ujenzi hautakuwa na kodi, kwa sababu “mifugo na nyama vimesamehewa VAT,” yaani kodi ya ongezeko la thamani. Waliniletea bajeti yao kwa mtazamo huo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha kwa nini msamaha ule hauwafikii.

Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2015, imesamehe ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku walio hai wanaotumika kwa chakula, pamoja na nyama ambayo haijasindikwa. Kupoza, kugandisha, kukausha, kutia chumvi au kufukiza moshi hakuiondolei nyama hadhi hiyo, kwa sababu sheria inavihesabu kuwa njia za kawaida za kuhifadhi. Nyama iliyokaa siku 10 kwenye friza inabaki kuwa nyama iliyosamehewa. Soseji ni bidhaa nyingine. Mpaka hapo kikundi kilikuwa sahihi.

Lakini kusamehewa bidhaa unayouza ni jambo moja, na kodi unayolipa unaponunua ni jambo jingine kabisa. Mtu anayeuza bidhaa zilizosamehewa hatozi VAT kwa mteja wake, na kwa sababu hiyo hiyo hana haki ya kudai VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake. Tuchukue kwa mfano kwamba saruji, nondo, mabati, milango ya chuma, nyaya, mashine ya baridi na ufundi wa kuvifunga vinagharimu shilingi 20,000,000 kabla ya kodi. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, VAT ni shilingi 3,600,000. Mwenye kiwanda cha soda aliyesajiliwa akijenga chumba cha namna hiyo, hizo 3,600,000 atazipunguza kwenye kodi anayopaswa kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Kikundi cha wafugaji kitazilipa na kuzimeza. Baada ya hapo kila bili ya umeme, kila kipuri na kila bunda la mifuko ya kufungashia litakuwa na VAT ndani yake, na yote hiyo itaingia kwenye bei ya nyama bila kuonekana popote kwenye risiti. Mlaji anaambiwa nyama haina kodi. Kwa kweli ina kodi ambayo haikuandikwa.

Linganisha na machinjio makubwa yanayosafirisha nyama nje ya nchi. Mauzo ya nje hutozwa VAT kwa kiwango cha sifuri, na tofauti kati ya sifuri na msamaha, ingawa kwa mteja zote mbili zinaonekana kama “hakuna kodi”, ni kubwa sana: wa kiwango cha sifuri anarejeshewa VAT ya manunuzi, wa msamaha harejeshewi. Kwa hiyo nchi yetu inamwezesha mwenye machinjio ya kusafirisha nje kujenga chumba cha baridi bila mzigo wa VAT, na inamtoza kikamilifu yule anayetaka kujenga chumba kile kile ili mtoto wa shule hapa kwetu asile tegu. Sidhani kama kuna mbunge aliyewahi kusimama na kutetea matokeo hayo. Yamejitokeza yenyewe, kwa sababu msamaha uliandikwa kwa kumfikiria mlaji wa mwisho tu.

Wapo watakaosema kwamba Bunge limekwishatoa nafuu kwa majokofu na vyumba vya baridi katika miaka ya karibuni. Ni kweli kwamba nafuu za aina hiyo zimetolewa, hoja kubwa ikiwa ni mbogamboga na matunda yanayoharibika. Lakini nafuu hizi huandikwa kwa kufuata namba za forodha za kifaa kilichokamilika kinachoagizwa. Kikundi cha Misungwi hakikukusudia kuagiza chumba kilichoundwa kiwandani. Kilikusudia kujenga kwa tofali, kwa fundi wa hapa hapa, na mashine ya kununua dukani mjini Mwanza. Anayejenga kidogo kidogo kwa uwezo wake hayumo ndani ya mstari huo.

Je, kikundi kingejisajili kwa VAT ili kudai? Hapana. Kikomo cha lazima cha usajili kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 za mauzo kwa mwaka katika mabadiliko ya mwaka 2023, na mauzo yanayohesabiwa kufikia kikomo hicho ni yale yanayotozwa kodi. Kikundi kinachouza nyama ghafi pekee hakina mauzo ya namna hiyo hata shilingi moja. Kingeanza kutengeneza soseji kingepata sehemu ndogo ya kudai, kwa uwiano, pamoja na mzigo wa hesabu ambao hawakuwa na mtu wa kuubeba.

Upande wa kodi ya mapato nilipita haraka, kwa kuwa mwanya wake ni mdogo. Mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka anaweza kutozwa kwa kufuata mauzo yake bila hesabu zilizokaguliwa, lakini utaratibu huo ni wa mtu mmoja mmoja. Kikundi kikigeuka kampuni kitatozwa asilimia 30 ya faida. Kikijisajili kama chama cha msingi cha ushirika kuna msamaha wenye masharti yake. Nilichowasisitizia ni kwamba wachague sura ya kisheria kabla ya kununua tofali la kwanza, kwa sababu mali itakayojengwa itaandikwa kwa jina la mtu, la kampuni au la chama, na kuihamisha baadaye kuna gharama.

Ada za machinjio na za ukaguzi ni suala jingine, na ni hapa ambapo wafugaji walichanganyikiwa zaidi. Kwao pesa yote inayotoka mfukoni kwenda serikalini ni kodi. Kisheria, kodi hutungwa na Bunge, na msamaha wake hutolewa na Bunge. Ada ya machinjio hutoka kwenye sheria ndogo za halmashauri. Ada za vibali hutoka kwenye kanuni za waziri mwenye dhamana ya mifugo chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003. Usajili wa wadau wa nyama husimamiwa na Bodi ya Nyama chini ya Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006. Na usajili wa majengo ya chakula, ambao zamani ulikuwa kwa mamlaka ya chakula na dawa, ulihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Msamaha wa VAT haugusi hata moja ya malipo hayo. Serikali yenyewe iliona tatizo hili, ndiyo maana Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara wa mwaka 2018 ulifuatiwa na kufutwa au kupunguzwa kwa tozo nyingi, zikiwemo za mifugo. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini ilitazama zaidi idadi ya tozo na kutazama kidogo namna kila tozo inavyokaa juu ya mtu.

Ada ya machinjio hukaa vibaya, kwa sababu hutozwa kwa kichwa. Ng'ombe dume aliyenenepeshwa, mwenye kilo nyingi za nyama, na jike aliyekonda baada ya kuzaa mara nyingi wanalipa sawa. Zaidi ya hapo, ada hulipwa kabla ya ukaguzi na hairudi hata nyama ikitupwa yote. Mzee wa maksai alilipia huduma ambayo matokeo yake yalikuwa kupoteza ng'ombe, na alilipa kiasi kile kile alicholipa yule aliyeondoka na nyama yenye mhuri. Nimesikia hoja kwamba ukaguzi lazima ujilipie. Naikataa. Mhuri wa mkaguzi unamlinda zaidi mlaji, na unalinda jamii nzima dhidi ya kimeta, kifua kikuu cha ng'ombe na Homa ya Bonde la Ufa, ambayo katika mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 iliua watu zaidi ya 100 nchini. Huduma inayomlinda kila mtu ikigharimiwa na yule tu aliyejitokeza kukaguliwa, wanaojitokeza watapungua, na wanaopungua ni wale ambao ng'ombe wao wana walakini.

Kuna jambo moja nyeti ambalo haliwezi kuachwa. Mkaguzi ni mwajiriwa wa halmashauri, machinjio ni mali ya halmashauri, na ada ya machinjio ni sehemu ya mapato ya ndani ambayo halmashauri imewekewa lengo la kuyakusanya. Mkaguzi akiandika kwamba machinjio hayafai kwa kukosa mwanga wa kutosha usiku, kwa kukosa maji ya moto au kwa kukosa friza, anaandika dhidi ya mwajiri wake na dhidi ya lengo la mapato la mwajiri wake. Sikuona dalili kwamba mkaguzi wa kisa hiki alishinikizwa. Lakini kwa muda wote ambao machinjio yale yamekuwa yakitumika bila friza, ada ilikusanywa kila usiku, na sehemu yake ingetosha kuanza kujenga chumba ambacho wafugaji walijitolea kukijenga kwa fedha zao na kukilipia VAT. Jengo hilo ni wajibu wa anayekusanya ada kabla ya kuwa wajibu wa anayeilipa.

Jambo lililoniuma kuliko hasara ya maksai ni kwamba taarifa haikusafiri. Daftari la mkaguzi lina kila kitu: tarehe, aina ya mnyama, kiungo kilichotupwa na sababu. Katika kurasa za daftari hilo, sababu inayojirudia kwa wingi si tegu kabisa. Ni maini yaliyotupwa kwa minyoo bapa. Hilo halishangazi kwa ukanda wa ziwa. Minyoo bapa hupitia kwenye konokono wa majini, na ng'ombe wetu hunywa na kula kwenye mabwawa, mito midogo na majani mabichi ya ufukweni wakati wa kiangazi. Mkaguzi hupasua mirija ya nyongo, huona imekakamaa na ina minyoo, hukata na kutupa. Mwenye ng'ombe huambiwa “ini limekataliwa” na huondoka. Hakuna anayemwambia kwamba ng'ombe waliobaki zizini huenda wana minyoo ile ile, kwamba inawapunguzia uzito na maziwa, na kwamba dawa ipo. Na dalali akiwa katikati, hata hilo neno moja halimfikii mfugaji. Anachokiona msimu unaofuata ni bei iliyoshuka.

Kwa tegu ni hivyo hivyo, tena kwa uzito zaidi, kwa sababu chanzo ni mtu. Maksai yule alikuwa na mmiliki anayejulikana, kijiji kinachojulikana na kibali chenye jina la kijiji hicho. Kama utambuzi wa mifugo kwa heleni za masikioni, ambao una sheria yake tangu mwaka 2010 na ambao umepata msukumo mpya kupitia kampeni ya kitaifa ya chanjo iliyozinduliwa mkoani Simiyu mwezi Juni 2025, ungetumika kurudisha taarifa ya machinjioni hadi zizini, mhudumu wa afya wa kijiji angepewa jina la kitongoji, watu wangepimwa na kupewa dawa, na habari ya vyoo ingezungumzwa kwa ushahidi badala ya mahubiri. Wafugaji wengi wanaamini heleni ni njia ya serikali kuhesabu ng'ombe ili iwatoze. Hofu hiyo itapungua siku heleni itakapomletea mfugaji habari inayomwokolea ng'ombe.

Baada ya kuyapima yote hayo, kikundi hakikujenga. Kiliandika barua mbili, na nilishiriki kuziandaa. Ya kwanza ilikwenda kwa halmashauri inayomiliki machinjio, ikiwa na maombi manne yaliyoelezwa kwa kina: kwamba sehemu maalumu ya ada ya machinjio itengwe kwa ajili ya friza ya kuzuilia nyama, na kwamba halmashauri yenyewe iwe mjenzi, kwamba mpaka friza itakapopatikana, halmashauri ifanye makubaliano na mwenye chumba cha kugandishia jijini ili nyama iliyozuiliwa ihifadhiwe huko chini ya kufuli la mkaguzi, gharama ikibebwa na mwenye nyama, kwamba ada irejeshwe pale ng'ombe mzima anapotupwa, na kwamba nakala ya matokeo ya ukaguzi ipelekwe kwa ofisa mifugo wa kata alikotoka mnyama, si kwa dalali wala kwa mchinjaji peke yake. Ombi la pili lingeweza kutekelezwa ndani ya mwezi mmoja. Mwanza ni jiji la viwanda vya minofu ya samaki. Ujuzi wa kugandisha upo hapa tangu miaka ya 1990, na hatukuona sababu ya kitaalamu ya kuzuia nyama ya ng'ombe isipate chumba chake tofauti karibu na ujuzi huo.

Barua ya pili ilikwenda kwa mbunge, kwa njia ya mapendekezo ya mabadiliko ya sheria za kodi yanayokusanywa kabla ya kila bajeti. Hatukuomba nyama ihamishiwe kwenye kiwango cha sifuri, ingawa hilo ndilo suluhisho safi, kwa sababu lingemaanisha kurejesha VAT kwa maelfu ya wauzaji wadogo wasio na vitabu vya hesabu. Tuliomba jambo dogo zaidi: kwamba vifaa na ujenzi wa vyumba vya baridi ndani ya machinjio yaliyosajiliwa, yanayohudumia soko la ndani, visamehewe VAT kwa barua ya uthibitisho ya Bodi ya Nyama, bila kujali kama chumba kimeagizwa kikiwa kamili au kimejengwa kwa tofali, na kwamba umeme wa vyumba hivyo uingizwe katika nafuu hiyo. Tuliambatanisha hesabu ya milioni 20 na milioni 3.6.

Halmashauri ilijibu ombi la nne kwanza, nalo ilikubali. Ofisa mifugo wa kata sasa hupokea orodha ya kila mwisho wa mwezi, na kikao cha wafugaji kilichofuata kilitumia karibu muda wake wote kwenye minyoo bapa, dawa yake na mahali pa kunyweshea. Ombi la friza limeingizwa kwenye mapendekezo ya bajeti ya halmashauri. La kurejesha ada limekataliwa, kwa maelezo kwamba sheria ndogo iliyopo haina kifungu kinachoruhusu, na kikundi kinajiandaa kuomba irekebishwe. Mzee wa maksai ameuza ng'ombe wengine wawili tangu wakati huo, wote mnadani kwa dalali, na amesema atarudi machinjioni friza ikishawashwa.